Nati Haikazwi kwa Kukamia

Fundi anapokaza nati kwenye bomba la mvuke, watazamaji huangalia spana, mkono na jasho. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya chuma, kusikoonekana: bolti inarefuka. Bolti inayobana sentimita 10 za flanji mbili (zile pete za chuma za kuunganishia mabomba) na gasketi ya kuziba katikati yake huongezeka urefu kwa kama milimita 0.2, yaani unene wa nywele mbili tatu za kichwani. Ongezeko hilo dogo ndilo linalozuia mvuke usitoke. Bolti iliyovutwa inataka kurudi kwenye urefu wake kama mpira wa manati, na kwa kutaka kurudi inazibana zile flanji. Isipovutwa vya kutosha, flanji zinaachia. Ikivutwa kupita kiasi, chuma kinabaki kimerefuka, hakirudi tena kwenye urefu wake wa mwanzo, na bolti inaweza kukatika.

Shida ni kwamba hakuna jicho la kuona milimita 0.2. Anachokihisi fundi ni ugumu wa nati, na ugumu huo hausemi kweli. Katika kila sehemu 10 za nguvu anayoitia, takriban 5 huliwa na msuguano chini ya nati, 4 huliwa kwenye hesi, na 1 tu ndiyo inayoivuta bolti. Hesi ikiwa na kutu au imekwaruzika, hata hiyo 1 inamezwa: nati inagoma, spana inalia, daftarini panaandikwa “imekazwa”, na bolti imelegea vile vile. Kinyume chake nacho ni hatari. Paka grisi bila kubadilisha kipimo cha spana, msuguano ushuke kutoka sehemu 9 hadi 8 na nusu, na mvuto unaoifikia bolti umeshapanda kwa nusu nzima. Namba kwenye spana ni ile ile. Ndiyo maana hata spana yenye kipimo, ambayo gereji nyingi huichukulia kuwa ndiyo mwisho wa ubishi, inaweza kukosea mvuto uliokusudiwa kwa asilimia 25 hadi 30.

Kisha kuna ujirani. Chukua flanji ya bolti 8. Ukiikaza ya kwanza hadi mwisho kisha ukahamia ya pili, gasketi inabonyea zaidi pale ulipo na ya kwanza inalegea, ingawa hakuna aliyeigusa. Fundi anayeijua kazi huenda kwa msalaba: 1, 5, 3, 7, halafu 2, 6, 4, 8. Raundi ya kwanza anaishia asilimia 30 hivi ya nguvu inayotakiwa, ya pili 70, ya tatu yote. Mwisho anazunguka duara, nati moja baada ya nyingine, mpaka pasiwe na inayosogea. Mwongozo wa Marekani uitwao ASME PCC-1, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2000, unashauri kwamba muda ukiruhusu asubiri angalau saa 4, gasketi itulie, kisha arudie duara. Muda ndio huwa hauruhusu. Mtambo umezimwa, umeme haupo, na kuna mtu mwenye simu anauliza kila baada ya dakika chache kama bado.

Kwa bolti kubwa, msuguano unaepukwa kabisa. Jeki ya mafuta huishika bolti kwenye ncha inayotokeza juu ya nati na kuivuta moja kwa moja, nati ikashushwa kwa mkono, kisha jeki ikaachiliwa. Kwenye turbini za mvuke ziko bolti zenye tundu katikati: hutiwa hita ndani, zikarefuka kwa joto, nati ikazungushwa kwa pembe iliyokwisha kupigiwa hesabu, na kupoa kwenyewe ndiko kunakobana. Bolti ya mita 1 ikiongezewa joto la nyuzi 150 hurefuka karibu milimita 2.

Kulegea kuna madhara mengine ambayo si rahisi kuyakisia. Bolti iliyobanwa sawasawa haiusikii sana mtetemo wa mtambo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mtetemo inabebwa na flanji zilizoshikana. Iliyolegea inaubeba yenyewe, mara mamilioni, mpaka chuma kinachoka na kuchanika kidogo kidogo.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya kwenye Mto Yenisei nchini Urusi, mfuniko wa turbini namba 2 uling’oka. Maji ya bwawa yakairusha juu rota ya zaidi ya tani 900 na kufurika ukumbi wa mitambo. Watu 75 walikufa katika kituo cha megawati 6,400. Wachunguzi walipopima bolti 49 za mfuniko ule, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Angalau 6 zilionekana hazikuwa na nati kabisa, kwa sababu hesi zake zilikuwa nzima. Turbini hiyo ilikuwa imetoka kwenye matengenezo miezi michache tu kabla, na mtetemo wake ulikuwa ukiongezeka.

Piper Alpha, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini, lilianza kuungua kwa kosa dogo zaidi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo na mahali pake pamezibwa kwa flanji butu. Zamu ya usiku ikaiwasha pampu bila kujua. Uchunguzi rasmi ulioongozwa na Lord Cullen ulihitimisha kwamba gesi ilivuja pale, kwenye flanji isiyozuia gesi. Walikufa watu 167.

Ulaya leo ina kanuni, EN 1591-4, inayohusu umahiri wa mtu mwenye spana: afundishwe, asimamiwe kazini, kisha apimwe. Naona imechelewa. Mchomeleaji wa mabomba ya presha alianza kudaiwa cheti zamani, na hakuna aliyeshangaa. Wa nati alihesabiwa kuwa kibarua mwenye misuli.

Kwetu jambo hili si la mbali. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina turbini 9 za megawati 235 kila moja. Kituo cha upepo cha Ziwa Turkana kina mitambo 365, yote ikisimama kwa bolti. Vituo vya jotoardhi vya Olkaria vina mabomba ya mvuke. Mitambo hii itafunguliwa na kufungwa tena kwa miongo mingi. Panapofuatwa utaratibu, kiungo muhimu hutundikwa kadi inayosema nani alikaza, lini, kwa spana namba gani, na alipaka grisi gani. Mkaguzi aiulizie kadi hiyo kwanza, kabla hajagusa nati.