Bwawa Si Mto

Fika kwenye bwawa la samaki hapa Keumbu, Kisii, asubuhi mwanga ukiwa wa kutosha, ukunje mkono wa shati na kuutumbukiza mkono majini polepole, kiganja kikitazama juu, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kama bado unakiona kiganja waziwazi, bwawa lina njaa. Kama kimepotea ndani ya ukijani, chakula kipo. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mwani umezidi, na usiku samaki watahangaika kwa kukosa oksijeni. Hakuna kifaa cha kununua, na jibu hulipata papo hapo.

Nilifanya hivyo kwa mama mmoja mwenye bwawa bondeni, mwendo mfupi kutoka barabara ya Kisii kwenda Keroka. Kiganja nilikiona mpaka mistari yake. Maji yalikuwa meupe, ya baridi ya kutia ganzi vidole, na bomba kutoka kwenye chemchemi lilikuwa likimwaga bila kukoma upande mmoja huku maji yakitoka upande wa pili.

“Mama, hili bomba hufungwa saa ngapi?”

“Halifungwi, mwanangu. Samaki anataka maji mapya, kama ya mtoni.”

Samaki wake walikuwa na miezi minane, na mkubwa kati yao hakuzidi kiganja.

Jibu la mama huyo nimelisikia kote Kisii na Nyamira, kwa watu wenye bidii na wanaowapenda samaki wao. Ndilo linalowarudisha nyuma zaidi kuliko bei ya chakula cha dukani. Tilapia wa bwawani hategemei tu kile unachomrushia kwa mkono. Sehemu kubwa ya chakula chake humea ndani ya maji yenyewe: mwani mdogo usioonekana kwa macho na wadudu wadogo wanaoishi kwa mwani huo. Samadi tunayotia bwawani ni mbolea ya shamba hilo. Sasa fikiria mkulima anayetia mbolea kwenye mahindi, kisha anafungulia maji yapite juu ya shamba usiku na mchana.

Tupige hesabu. Bwawa la kawaida huku lina mita za mraba 300, kipimo kilichoenea tangu mwaka 2009, wakati mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulipochimba mabwawa 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa na kugawa vifaranga 1,000 kwa kila bwawa. Likiwa na kina cha wastani wa mita moja, lina lita 300,000. Bomba linalotoa lita moja kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 20, humwaga lita 86,400 kwa siku. Kwa hiyo kila baada ya siku tatu na nusu mama huyo huingiza maji yanayotosha kujaza bwawa zima. Mwani haupati nafasi ya kumea. Samadi yake inawarutubishia wengine huko chini.

Joto nalo linaondoka. Keumbu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na ubaridi uleule mwaka mzima. Tilapia hukua vizuri kwenye nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 20 hamu yake ya kula hupungua sana. Hatutapata joto la Kisumu, lakini maji yaliyotulia hushika jua la mchana na kulihifadhi. Yanayopita hayalishiki.

Basi bwawa linahitaji maji kiasi gani? Hapa kuna kipimo ninachotamani kila mfugaji akijue. Chukua ndoo, itie maji na jiwe la kuizuia isielee, isimamishe kwenye kina kifupi cha bwawa mdomo ukiwa juu ya maji. Weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo, na nyingine kwenye kijiti ulichosimika bwawani. Funga bomba la kuingiza na la kutoa. Rudi baada ya saa 24 zisizo na mvua. Kilichoshuka ndani ya ndoo kimechukuliwa na jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ni maji yanayopenya ardhini.

Kila milimita moja kwenye bwawa la mita za mraba 300 ni lita 300. Tuseme ndoo imeshuka milimita nne na bwawa tisa. Jua limechukua lita 1,200, ardhi imekunywa 1,500. Jumla ni lita 2,700, na lile bomba hujazia kiasi hicho kwa dakika 45. Dakika 45 kwa siku, badala ya saa 24! Katika mwezi wa mvua za masika huenda usiliguse kabisa, kwa sababu kila milimita ya mvua inayoangukia bwawa hilo nayo huleta lita 300.

Kama ardhi inakunywa kupita kiasi, tiba si maji zaidi. Udongo wetu mwekundu hupitisha maji vizuri, ndiyo maana migomba na chai vinaupenda. Kwa bwawa ni kasoro. Likaushe, leta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, utandaze kwa tabaka nyembamba, unyunyizie maji kidogo na kuushindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Nailoni nzito hufanya kazi haraka zaidi, ila bei yake ni kubwa na panya buku akiitoboa umerudi mwanzo. Mimi ningeanza na mfinyanzi. Na kwa kuwa mvua nyingi huufanya udongo wa huku kuwa na asidi, pima udongo, kisha tia chokaa ya kilimo kabla ya samadi. Bila hiyo maji hugoma kuwa ya kijani hata ukimwaga samadi ya zizi zima.

Kuna siku moja tu ambapo bomba wazi ni dawa. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki, kwa hiyo kiwango huwa cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Ukiwakuta tilapia wamejipanga juu wakihema kwa midomo, fungulia maji mara moja, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Acha samadi na chakula kwa siku kadhaa. Jua likipanda na samaki wakishuka chini, funga. Kambare hatakuonya hivyo, kwani yeye hupumua hata hewa ya juu.

Maji tunayoyaacha yapite si ya bure. Mabonde haya humiminikia mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, unaoteremka kupitia Migori hadi Ziwa Victoria. Kegati, jirani yetu, ndipo yanaposafishwa maji ya mji wa Kisii. Chemchemi nyingi zimezongwa na mikaratusi tuliyoipanda wenyewe mabondeni, hata baada ya marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, kuagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Jirani wa chini anapolalamika mfereji wake umepungua, ana haki.

Kegati hiyohiyo ina kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ulizeni huko habari za vifaranga wa kiume pekee. Bwawa lenye dume na jike hujaa watoto katika miezi michache, wote wakigombania chakula kilekile, wote wakidumaa. Hesabu nzuri ya maji haiwezi kuokoa bwawa la namna hiyo.

Mama yule alifunga bomba siku ileile, kwa shingo upande. Nilipopita tena mwezi uliofuata alinitaka nitie mkono mwenyewe, na kiganja kilipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Tumepanga avune Januari, kiangazi kikiwa kimeshika. Mfereji wa kutolea maji ameshauchimba kuelekea kwenye migomba na kitalu cha mboga ya chinsaga (mgagani), na kwenye mdomo wa bomba la kutoa maji tumefunga wavu wa matundu madogo, kifaranga asije akaponyoka hadi mtoni.