KOMPYUTA ZA LINUX: NAMNA YA KUZISASISHA NA KUZIPANGA UPENDAVYO



Vikundi kadhaa vya vijana, na baadhi ya wenye meza za kuchapa barua na kutoa kopi, siku hizi wanatumia kompyuta kuukuu zenye Linux. Maswali wanayotuletea ni yale yale. Je, nikubali masasisho? Je, yatanimalizia bando? Je, nikibadilisha sura ya kompyuta, itaharibika? Tumeona vema kuyajibu hapa kwa pamoja. Ndani ya kompyuta hizo zimo barua za watu za kuomba kazi, vyeti vya watoto vya shule na nakala za vitambulisho. Vikipotea au vikiibwa, anayeumia si mwenye meza peke yake.

Linux ni nini, na Mint ni nini?

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, akakitoa bure ili kila mwenye ujuzi akisome na kukirekebisha. Kiini hicho ndicho Linux. Lakini kiini peke yake ni kama injini bila gari. Huwezi kuandika barua nacho.

Wafanyabiashara wetu wanaijua Kikuubo, pale katikati ya Kampala, karibu na vituo vya mabasi na teksi. Jina lenyewe kwa Kiganda ni njia nyembamba, ujia. Mwenye duka wa kambini hazunguki kiwanda cha sabuni, kisha cha biskuti, kisha cha viberiti. Anaingia Kikuubo, anavikuta vyote vimekusanywa, anafungasha mzigo wake na kurudi. Wakusanyaji wa Linux hufanya kazi ya namna hiyo. Wanachukua kiini, programu ya kuandikia, ya kusoma intaneti, ya kusikiliza muziki, wanazijaribu pamoja, kisha wanazitoa kama mzigo mmoja. Debian ilianza hivyo mwaka 1993, Ubuntu mwaka 2004. Linux Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, mtu wa Ufaransa, ikijengwa juu ya Ubuntu. Inaendeshwa kwa michango ya watumiaji na wafadhili, na kwa kazi ya watu wa kujitolea. Hulipi kitu kuitumia.

Kwa nini kusasisha?

Kila programu ina kasoro ambazo waandishi wake hawakuziona mwanzoni. Wezi wakigundua kasoro moja, wanaingilia hapo. Sasisho ni kiraka kinachoziba tundu. Kompyuta isiyosasishwa mwaka mzima ni nyumba ambayo kila mpita njia ameshajua dirisha lake bovu liko wapi.

Jambo hili linawahusu pia wenye Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuihudumia, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Ndiyo sababu mashine kuukuu nyingi bado zinafaa kazi, ila zinahitaji mfumo mwingine. Linux Mint 22, iliyotolewa Julai 2024, itapata masasisho hadi mwaka 2029. Inahitaji kompyuta ya biti 64 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache. Gigabaiti 4 ni bora. Kabla ya kununua mashine, uliza mambo hayo mawili.

Masasisho yanatoka wapi?

Yanatoka katika ghala la wakusanyaji. Kila mzigo wa ghala una muhuri wa siri, na kompyuta yako inaukagua kabla ya kuupokea. Mzigo usio na muhuri sahihi unakataliwa. Kwa hiyo usikubali programu ya kuokota njiani kwenye flashi ya mtu usiyemjua, wakati ghalani ipo.

Hata mlango wa ghala unaweza kuchezewa. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakaelekeza watu kupakua nakala ya Mint 17.3 iliyotiwa programu ya kijasusi. Waliokuwa wamekwisha kuiweka Mint na kupokea masasisho ya kawaida hawakuguswa. Waliokuwa hatarini ni waliopakua na kuiweka nakala ile mpya. Tangu hapo onyo ni lile lile: ukipakua mfumo mzima, linganisha namba yake ya ukaguzi na ile iliyotangazwa na wenyewe. Ikitofautiana hata herufi moja, itupe.

Namna ya kusasisha bila kupoteza bando

1. Tazama picha ndogo ya ngao kwenye mstari wa chini wa kioo. Ikiwa na alama, masasisho yapo. Bonyeza hapo.

2. Soma ukubwa wa mzigo kabla ya kukubali. Kompyuta inakuonyesha ni megabaiti ngapi. Kama bando halitoshi, teua kwanza yale yenye alama ya ngao. Hayo ni ya usalama. Mengine yangoje siku utakapofika penye intaneti ya bure.

3. Hakikisha betri imejaa. Umeme wa sola ukikatika katikati ya kazi, programu zinabaki nusu. Likitokea hilo, usiogope wala usifute kitu. Washa tena, fungua dirisha la amri na uandike: sudo dpkg --configure -a. Amri hiyo inamalizia kazi iliyobaki.

4. Kabla ya masasisho makubwa, tumia programu iitwayo Timeshift. Inapiga picha ya mfumo ulivyo leo, ili kesho ukiharibika uurudishe. Lakini jihadharini: kwa kawaida Timeshift hailindi barua na picha zako. Hizo zinakiliwe kwenye flashi au diski nyingine, kila wiki.

5. Kiini kipya kikikataa kuwaka, kile cha zamani bado kimo. Kichague kwenye orodha inayotokea wakati wa kuwasha.

Kuipanga upendavyo

Mint hutolewa kwa sura tatu. Cinnamon ina mapambo mengi na inataka mashine yenye nguvu kiasi. MATE ni ya kati. Xfce ni nyepesi, nayo tunawashauri wenye kompyuta dhaifu waichague. Katika zote unaweza kukuza maandishi kwa ajili ya wazee, kuhamisha mstari wa vitufe, kubadilisha rangi na kuchagua lugha ya baobonye.

Wengine wanaogopa kwamba sasisho litafuta mpangilio wao. Mambo uliyoyachagua wewe yanahifadhiwa katika faili zilizofichwa ndani ya folda yako ya nyumbani, na programu zenyewe zinakaa mahali pengine. Sasisho linabadilisha programu, haligusi folda yako. Linaloweza kutokea ni pambo lililoandikwa na mtu wa nje kushindwa kwenda pamoja na toleo jipya. Hapo unalizima pambo hilo, na kazi inaendelea. Kwa hiyo mapambo yawe machache, hasa kwenye mashine ya kikundi.

Lugha nayo ni mpangilio. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni, kwa sababu programu ilikuwa wazi kwa kila mtu kuitafsiri. Kijana wa hapa anayejua Kiswahili vizuri na Kiingereza kidogo anaweza kutoa mchango wa namna hiyo.

Mnaombwa kukumbuka

Kikundi chenye kompyuta moja kichague mtu mmoja wa kushika neno la siri na kusimamia masasisho, na mwingine wa kumsaidia. Siku ya kusasisha iandikwe kwenye daftari. Mwenye kompyuta inayosumbua asiifute. Ailete kwanza kwa wafanyakazi wa jamii, pamoja na waya wake wa umeme.

Mwenye kujua kusoma amsomee jirani yake karatasi hii.