Alisema kilima kitawaponza, wakampuuza

Msomaji, fundi akishamaliza ukuta halafu akakwambia "bosi, bado", utamwonaje? Si utajua anatafuta hela nyingine! Ndivyo yalivyomkuta Bautista Antonelli, Mwitaliano aliyezaliwa Gatteo mwaka 1547, akawa mhandisi wa ngome wa Mfalme Felipe II wa Hispania.

Mfalme alikuwa na presha. Mali ya Amerika, dhahabu na madini ya fedha, ilikuwa inakusanywa Havana, Kuba, kusubiri msafara wa kuvuka Atlantiki. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake, kwao shujaa, kwa Wahispania jambazi tu, aliiteka Santo Domingo, akahamia Cartagena, na kote huko hakuondoka mpaka alipopozwa kwa kitita. Mwaka huohuo Antonelli akatumwa kukagua bandari.

Mlango wa bandari ya Havana ni mwembamba kama kichochoro. Mwaka 1589 jamaa akaanza kujenga Morro juu ya mwamba upande mmoja, na ngome ndogo ya La Punta ng'ambo. Hakutaka kuta ndefu nyembamba za kizamani, maana mizinga ingezivunja kama biskuti. Zake zilikuwa nene, zenye pembe zilizochomoza nje, ili askari wa pembe hii ampige adui aliyejibanza chini ya pembe ile. Upande wa nchi kavu, handaki lilichongwa kwenye mwamba wenyewe.

Kazi safi. Ila jirani na Morro kuna kilima, La Cabaña, kinachouchungulia mji wote. Inasimuliwa kuwa Antonelli aliwaambia wakubwa: atakayekishika kilima hiki, mji ni wake. Wakubwa wakasikia, hela ikaenda kwingine. Mzee akafia Madrid mwaka 1616, na Morro yenyewe ilikuja kukamilika 1630.

Sasa sikia. Juni 1762 Waingereza wakatua na jeshi kubwa. Mdomo wa bandari hawakuhangaika nao! Walishukia mashariki ya mji, Juni 11 wakakikalia kilima, wakapandisha mizinga, wakaanza kuitwanga Morro kutokea mgongoni. Kamanda wake, Luis de Velasco, alikomaa wiki kwa wiki. Mwishowe Waingereza wakachimba chini ya ukuta, wakajaza baruti, na Julai 30 wakalipua. Velasco akala risasi, akafa kesho yake. Agosti mji ukasalimu amri. Homa ya manjano iliwafyeka washindi kwa maelfu, lakini bendera ilikuwa yao.

Mwaka 1763 Hispania ilirudishiwa Havana, ila kwa kuitoa Florida. Hapo ndipo hela ya kilima ikapatikana! Ngome ya La Cabaña ilianza mwaka huohuo, ikaisha 1774, na ilitafuna fedha mpaka ikazuka hadithi kwamba Mfalme Carlos III, akiwa kwake Hispania, aliagiza darubini. Jengo la bei ile, alisema, lazima linaonekana kutoka hapa.