Kaburi la mtoto katika Panga ya Saidi

Kila muhula wa madrasa unapomalizika huwa tunawatoa wanafunzi wetu pamoja na wazazi wao kwenda matembezini, na aghalabu matembezi hayo huishia ufukweni kwa biriani na kuogelea. Safari hii tuliazimia jambo jingine. Baada ya Sala ya Alfajiri tuliondoka Mombasa kwa mabasi mawili, tukashika njia ya Kilifi.

Kabla ya kuondoka, mzee mmoja wa mtaa wetu alitupinga waziwazi. "Mapangoni kuna nini, Sheikh, ila mizimu?" Hakukosea kabisa, kwani ndugu zetu Wamijikenda hufanya ibada zao za jadi katika pango hilo. Tulimjibu kwamba kutazama si kuabudu, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) wahyi ulimshukia akiwa katika pango la Hira, na pango la Thaur likamsitiri siku ya Hijra. Mzee alipanda basi kwa sharti la kutoingia ndani.

Panga ya Saidi limo katika vilima vya Dzitsoni, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Ni pango la mawe ya chokaa, pana, lenye baridi ya kupendeza hata jua likiwa kali. Wataalamu wa mambo ya kale, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walianza kuchimba hapo mwaka 2010, wakakuta matabaka ya maisha ya wanadamu yanayorudi nyuma miaka 78,000. Kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya leo palikuwa na kishimo, na ndani yake mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mifupa ilikuwa imelegea mno hata ikabidi ifunikwe kwa plasta ndipo itolewe, ikapelekwa Nairobi na kisha Burgos, Uhispania. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na wataalamu wakampa jina la Kiswahili: Mtoto. Hilo ndilo ziko la kukusudia la kale zaidi lililopata kujulikana katika Afrika nzima.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mkao wa mifupa ulionyesha kuwa kiwiliwili kilifungwa kwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza zamani, mfano wa mto. Kijana mmoja aliruka kwa furaha: "Basi alikuwa Muislamu!" Tulimtuliza. Ubavu wa kulia peke yake si hoja, nasi hatuna haja ya kuitia dini yetu nguvu kwa dhana. Mwingine aliuliza miaka hiyo yote itakaaje na kisa cha Nabii Adam (A.S.). Qur'ani haikututajia idadi ya miaka baina yake na sisi. Hesabu zinazozagaa vitabuni nyingi ni za Israiliyati. Iliyotutajia ni habari ya kunguru aliyefukua ardhi, ndugu muuaji akajifunza kusitiri maiti.

Alikuwamo katika msafara mama aliyemzika mwanawe mwaka uliopita, naye alikuwa wa umri ule ule. Tangu mazishi, majirani walikuwa wakimkataza kulia, wakidai ni upungufu wa imani. Alisimama muda mrefu mbele ya lile shimo, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Sheikh, na mamake huyu alilia?"

Elimu ya mifupa haisemi. Lakini mtu hamwekei mto asiyempenda. Tulimkumbusha, na majirani zake wakisikia, kwamba Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim, na kwamba kinachokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe na kujipigapiga. Alikaa juu ya jiwe akalia. Hakuna aliyemkataza.

Tulipogeuka tulimkuta yule mzee ndani ya pango, nyuma yetu kabisa, viatu mkononi.

Gedi tuliipitia upesi kuliko inavyostahiki: msikiti mkuu, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na bado wako watoto wa Pwani wasiowahi kuuona.

Tulifika Jumba la Mtwana, Mtwapa, baada ya Alasiri. Karibu na magofu ya msikiti ulio ufukweni lipo kaburi lililochongwa aya ya 185 ya Suratu Aal Imran, inayozungumzia mauti. Wanazuoni wa madhehebu yetu huchukia kuandika juu ya makaburi, wala hatukuwaficha vijana hilo. Mzee aliinama, akafuatisha herufi kwa kidole bila ya kuligusa jiwe, akiwasomea watoto. Yule mama alikuwa mbele kabisa, amempakata binti yake mdogo. Dereva alipiga honi mara mbili, tukamwomba asubiri.