Kabla ya kuweka app ya kuzuia matangazo, soma inataka ruhusa gani

Unafungua tovuti uone matokeo ya mechi, na kabla hujafika kwa mabao, tangazo limejaza skrini: simu yako ina virusi, bonyeza hapa. Alama ya kulifunga ni ndogo hadi kidole kinakosea. Bando nayo inaisha, na nyuma ya tangazo kuna vifuatiliaji vinavyoandika umesoma nini na kwa simu gani. Ndiyo maana wateja hutuuliza: tuweke app gani ya kuzuia haya mambo?

Sisi huanza na swali lingine. App hiyo itapata uwezo gani ndani ya simu yenye pesa zako?

Kizuizi cha matangazo kinachokaa ndani ya kivinjari kwa kawaida husoma kila ukurasa unaofungua, ndipo kijue tangazo ni lipi. Ni kama kumpa soja wa ploti ufunguo wa kila nyumba. Akiwa mtu mzuri, mnalala vizuri. Shida ni siku anapobadilishwa na hakuna aliyewaambia. Mwaka wa 2020, kizuizi kilichoitwa Nano Adblocker kiliuzwa kwa watu wengine, na toleo jipya likaanza kutuma nje data za watumiaji. Watu hawakuwa wamebonyeza kitu chochote kibaya. Kilijisasisha chenyewe tu.

Kwa hivyo tunapendelea njia inayoomba ruhusa chache zaidi. Kwa Android kuanzia toleo la 9, huhitaji hata app. Ingia Settings, sehemu ya mtandao, utafute Private DNS, kisha uandike dns.adguard-dns.com. Kuanzia hapo simu ikiuliza njia ya kufika kwa seva ya matangazo inayojulikana, haipewi. Anayeendesha huduma hiyo ataona majina ya tovuti unazotembelea, lakini haoni unachoandika ndani yake. Usitarajie miujiza: matangazo ya YouTube yatabaki, na WiFi ya mkahawa ikikataa kuunganika, rudisha mpangilio kwa Automatic.

Ukitaka usafi zaidi, weka Firefox pamoja na uBlock Origin, kwa sababu Chrome ya kwenye simu za Android haikubali viendelezi. Angalia jina vizuri, bwana. Kuna kingine kinachoitwa uBlock tu, na si kitu kimoja. Hiki cha Raymond Hill ni cha bure, na yeye hata michango haombi.

Wenye iPhone wana bahati kidogo. Tangu 2015, Safari hupokea kutoka kwa app orodha ya vitu vya kuzuia, halafu inazuia yenyewe. App iliyotoa orodha haioni kurasa zako. Kisha nenda Settings, Privacy & Security, Tracking, uzime ruhusa ya app kuomba kukufuatilia.

Zile VPN za bure zinazoahidi kuzuia matangazo tunaziogopa zaidi. Baadhi huchuja hapo hapo ndani ya simu, zingine hupitisha mawasiliano yako yote kwa seva ya mtu usiyemjua, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Lakini kuna ruhusa mbili ambazo kizuizi cha matangazo hakina sababu ya kuziomba. Ya kwanza ni kusoma SMS, ambako ndiko zinakuja namba za uthibitisho. Ya pili ni Accessibility, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo ikipewa app mbaya inaweza kusoma skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako. App ikiziomba, hasa ile uliyotumiwa WhatsApp kama faili badala ya kuipata Play Store, ifute hapo hapo.

Na kama tayari ulishaikubalia? Zima intaneti, ondoa hizo ruhusa, kisha uifute. Usibadilishe PIN kwa simu hiyo, kwani huenda bado kuna jicho kwa skrini. Toa laini, iweke kwa simu nyingine unayoiamini, hata kabambe ya mama, ubadilishe PIN kupitia menyu ya laini, halafu utupigie tuangalie pamoja miamala ya siku hizo.