Mtoto Aliyetibiwa Mbale Amemaliza S6. Sasa Karo ya Chuo Itoke Wapi?

Mwezi huu sitaandika juu ya mtihani wala usafi wa madarasa. Nataka tuongee juu ya watoto wetu wenye ulemavu, na wale wanaoishi na ugonjwa wa muda mrefu, wakishamaliza S6. Maana mpaka hapo tunawasukuma vizuri, halafu tunawaacha mlangoni.

Jirani yangu mmoja, jina lake naliacha, alitoka Kenya mwezi wa kwanza 2008 wakati wa ile fujo ya uchaguzi. Alivuka mpaka na mtoto mgongoni, akafikia pale Mulanda, wilaya ya Tororo, kama sisi wengine wengi. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka mahema na foleni ya uji tu. Yeye anakumbuka kichwa cha mtoto wake. Kila wiki kilikuwa kinakua, macho yanatazama chini, mtoto analia usiku kucha. Watu wakasema amerogwa. Mama mmoja Mganda, muuza ndizi, ndiye aliyemwambia: dada, peleka huyo Mbale, kuna hospitali ya watoto wa vichwa.

Hospitali hiyo ni CURE, ipo mjini Mbale tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Kazi yake kubwa ni watoto wenye maji kichwani na wale wanaozaliwa na mgongo wazi. Zamani dawa ilikuwa ni kuweka mpira mwembamba wa kutoa maji kichwani mpaka tumboni. Mpira huo ukiziba, na huziba mara nyingi, mtoto lazima arudi hospitali haraka, na kwa mtu wa kijijini hapo ndipo maisha huisha. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi pale Mbale, aliendeleza njia nyingine: kuingiza kamera nyembamba kichwani na kufungua njia ya maji ndani kwa ndani, ili watoto wengi wasihitaji mpira. Njia hiyo aliiendeleza hapa kwetu mashariki mwa Uganda, na leo inafundishwa nchi nyingine. Walichunguza pia sababu, wakaona kwamba watoto wengi walipata ugonjwa huo baada ya maambukizi walipokuwa wachanga. Kumbe haikuwa uchawi.

Basi mtoto wa jirani akapona. Mwaka huohuo tukaletwa huku Kiryandongo. Alichelewa kutembea, mguu wa kushoto bado ni mzito, na jicho moja halioni vizuri. Lakini hesabu anazijua kuliko mimi niliyemfundisha. Mwaka jana amemaliza S6 na alama zake ni nzuri. Hesabuni miaka wenyewe: watoto wa kwanza waliookolewa Mbale sasa ni vijana wa kwenda chuo.

Mama yake alikuja kwangu jioni moja, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unajua mambo ya fomu. Nisaidie."

Hapo nikaogopa kidogo, na lazima niwaambie kwa nini. Miaka miwili iliyopita nilimpoteza binti mmoja wa hapa, anayetembea na magongo. Sikumpoteza kwa kifo, nilimpoteza mwaka mzima. Nilikuwa nimesikia kwamba serikali ya Uganda ina nafasi 64 kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vya umma. Ni kweli zipo. Kila mwaka serikali hulipia wanafunzi kama 4,000, na ndani yao 64 ni za wenye ulemavu, 40 ni za wanamichezo. Mwombaji wa zile 64 hupimwa na kuhojiwa, na akipita hupewa hata msaada wa msaidizi, kwa mfano mtu wa kumwongoza asiyeona au mkalimani wa lugha ya alama. Mimi nikafurahi, nikamjazia binti fomu, tukatafuta nauli ya Kampala kwa kuchangisha. Alipofika wakamwuliza kitambulisho cha taifa. Akatoa kadi ya mkimbizi. Basi, ikaishia hapo. Zile nafasi ni za raia. Hata mkopo wa serikali wa wanafunzi, ule ulioanza kwa sheria ya mwaka 2014, ni wa raia. Na kwa kuwa tulikuwa tumetegemea mlango mmoja, tarehe za milango mingine zilikuwa zimepita. Nilimwomba msamaha yeye na baba yake. Baba alinyamaza tu, na ule unyamavu nimeubeba mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii niliuliza kwanza.

Kwa mkimbizi, mlango wa kwanza ni DAFI. Ni ufadhili wa UNHCR unaotolewa zaidi na serikali ya Ujerumani, ulianza mwaka 1992, na umesomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 duniani. Unalipa ada ya chuo, vitabu, chakula, malazi na nauli, kwa digrii ya kwanza ndani ya nchi uliyokimbilia. Hapa Uganda umesimamiwa miaka mingi na Windle, wale mnaowajua mashuleni. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kuomba kama mwingine yeyote. Mlango wa pili ni ule wa Mastercard Foundation, ulioanza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2013. Huo unawatafuta hasa vijana maskini wenye akili, na wakimbizi na wenye ulemavu wanatajwa waziwazi. Sasa fikirini, mtoto ambaye ni yote mawili!

Lakini msihesabu kuku. Tangu 2025 pesa za misaada zimepungua sana, posho yenyewe mnaiona. Nafasi iliyokuwepo mwaka jana inaweza isiwepo mwaka huu. Ulizeni kila msimu, someni ubao wa matangazo, na mtu akiwaomba pesa ili aingize jina la mtoto, huyo ni mwizi. Huduma ya UNHCR hailipiwi.

Shida kubwa hata hivyo haikuwa milango. Ilikuwa ni mama mwenyewe. Tulipofika kwenye ile sehemu ya fomu inayouliza kama mwombaji ana ulemavu au ugonjwa, akashika mkono wangu.

"Hapo weka hapana."

"Mbona, mama?"

"Wakijua ya kichwa watasema hawezi chuo. Nimeficha tangu darasa la kwanza, mwalimu. Ndiyo maana amefika."

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Kwa sababu si uongo. Wengi wetu tumeona mtoto wa kifafa akiambiwa akae nyumbani, na mtoto wa selimundu akihesabiwa mvivu. Lakini kuficha nako kuna bei. Yule kijana alifanya mitihani yote ya taifa bila msaada wowote, akisoma karatasi kwa jicho moja. UNEB huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 45 za ziada kwa kila karatasi, na asiyeona hupewa karatasi ya breli, lakini lazima shule iwaandikishe hivyo mapema. Nani angemwandikisha, kama hakuna aliyejua? Nami mwalimu wake sikujua. Nilidhani mguu ni wa polio.

Kijana alikuwa amekaa pembeni anachambua maharagwe. Akasema polepole, "Mama, mimi nataka ndiyo." Mama akatoka nje. Tukaacha fomu hapo.

Wiki iliyofuata alinipigia yeye mwenyewe, akisema twende Mbale kuchukua barua ya daktari. Tulipanda basi Bweyale alfajiri, Lira, Soroti, na mlima Wanale tukauona jua likiwa linazama. Mama hakuwa amerudi Mbale tangu 2008. Hospitalini alisimama getini muda mrefu, akawa anawatazama akina mama wengine wenye watoto wa vichwa, kisha akamvuta kijana wake mbele, mrefu vile na ndevu zimeanza, akawaonyesha. Hakusema kitu. Wale akina mama waliacha kuongea.

Kwa kuwa nauli ilikuwa imeshatumika, tukaona heri tupite na vyuoni. Mbale vipo: Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, ambacho hupokea watu wa dini zote, na kitivo cha afya cha Busitema karibu na hospitali kuu. Chuo kimoja tulichoingia, si lazima nikitaje, ofisi ya wanafunzi ipo juu ghorofani, na kijana alipanda ngazi akishika ukuta huku nikihesabu: ishirini na sita. Hayo ndiyo maswali ya kwenda nayo. Darasa liko juu au chini? Bweni liko mbali kiasi gani? Mkimbizi analipa ada ya mwananchi au ya mgeni? Ombeni jibu kwa maandishi. Mwenye mtoto kiziwi auulizie Kyambogo, maana ndipo wanapofundishwa wakalimani wa lugha ya alama. Na asije mtu akaniambia kiziwi haendi popote: Alex Ndeezi ni kiziwi, na aliingia bunge la Uganda mwaka 1996.

Familia za Kongo, nyinyi mna kazi moja zaidi. Diploma ya serikali ya kule lazima ilinganishwe na UNEB kabla chuo hakijaipokea, na kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Anzeni kabla tangazo halijatoka. Kama karatasi zilibaki kwenye moto, semeni mapema pia.

Barua ya daktari tuliipata. Usiku huo, kwenye chumba cha kulala wageni, mama alimwambia kijana aitoe fomu. Akamwuliza ile sehemu iko wapi, maana yeye hasomi. Kijana akaiweka kidole. Mama akashika kalamu, akachora alama kwenye "ndiyo" kwa mkono wake, ikatoka imepinda mpaka kwenye mstari wa chini. Nilitaka kuirekebisha, kijana akakataa.

Fomu imeshapelekwa. Majibu bado. Yule binti wa magongo naye nimemtafuta, ameomba tena safari hii, mlango unaofaa. Mwenye mtoto wa S5 au S6 katika hali hii aje nyumbani kwangu Jumamosi mchana, karibu na kisima, aje na kadi ya familia na vyeti vyote alivyonavyo, hata vilivyochanika.