Ethanoli ya magari

Ethanoli ya magari ni alkoholi inayoendesha injini badala ya petroli, au ikiwa imechanganywa nayo. Ni alkoholi ileile iliyomo katika bia na pombe nyingine. Nchi zinazoongoza kwa kuizalisha ni Marekani, inayotumia hasa mahindi, na Brazil, inayotumia hasa miwa. Habari za Brazil zinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana huko mamilioni ya watu wameendesha magari bila petroli, na huko pia wamewahi kukwama.

Jinsi inavyopatikana

Miwa hukamuliwa, kisha hamira hugeuza sukari ya maji yake kuwa alkoholi na gesi ya dioksidi kabonia. Mchanganyiko huo huchemshwa, na mvuke wa alkoholi hupozwa na kukusanywa. Kimsingi ni njia ileile ya wapika gongo na chang'aa, ila mitambo ni mikubwa na vipimo ni sahihi. Makapi ya miwa huchomwa kiwandani ili kupata joto na umeme.

Ethanoli iliyokenekwa hivyo hubaki na maji kiasi cha asilimia 5 hivi. Injini iliyoundwa kwa ajili ya ethanoli haisumbuliwi na maji hayo. Lakini kabla ya kuichanganya na petroli ni lazima maji yaondolewe, la sivyo hujitenga na kutuama chini ya tangi pamoja na sehemu ya alkoholi.

Lita moja ya ethanoli ina nishati takriban theluthi mbili ya ile ya lita ya petroli. Kwa sababu hiyo dereva wa Brazil hupiga hesabu kabla ya kujaza tangi: bei ya ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, ethanoli inamfaa. Tuseme petroli ni reali 6 kwa lita. Ethanoli ya reali 4 ni nafuu. Ya reali 4.50 ni hasara, ingawa bango linaonyesha bei ndogo.

Mpango wa Brazil

Mwaka 1973 Brazil iliagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne kufikia mwanzo wa 1974, nchi ilielemewa na gharama. Tarehe 14 Novemba 1975 serikali ya Rais Ernesto Geisel ilianzisha mpango wa Proálcool. Kwanza ethanoli ilichanganywa na petroli. Bei ya mafuta ilipopanda tena mwaka 1979, yakaanza kuuzwa magari ya ethanoli tupu, la kwanza likiwa Fiat 147. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 90 ya magari mapya nchini humo yalitumia ethanoli.

Yalikuwa na matatizo yake. Asubuhi za baridi injini iligoma kuwaka, ikabidi kuwe na kitangi cha petroli cha kuwashia tu. Kabureta za kawaida nazo zililiwa na kutu. Hayo mafundi waliyamudu. Tatizo kubwa halikuwa la ufundi: kiwanda kinachotengeneza ethanoli kinaweza pia kutengeneza sukari, na mwenye kiwanda hufuata penye faida. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka, kisha bei ya sukari ikapanda. Kuanzia mwaka 1989 ethanoli iliadimika vituoni. Wenye magari walipanga foleni wakiwa na injini zisizoundwa kwa petroli, na Brazil yenyewe ikalazimika kuagiza alkoholi kutoka nje. Imani ya wanunuzi ilivunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magari mapya ya ethanoli yalikuwa karibu kutoweka sokoni.

Injini ya fueli mbili

Mwaka 2003 Volkswagen ilileta nchini humo gari aina ya Gol lenye injini inayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Kifaa katika bomba la moshi hupima oksijeni iliyobaki baada ya mwako, na kompyuta ya injini hurekebisha kiasi cha fueli inayoingia. Dereva hakufungwa tena na zao moja wala kisima kimoja, na ndani ya miaka michache magari ya aina hiyo yakawa mengi kuliko mengine katika mauzo ya magari mapya. Mwaka 2019 Toyota iliongeza mota ya umeme kwenye mfumo huo katika Corolla.

Petroli ya kawaida ya Brazil nayo huchanganywa na ethanoli kwa sheria: asilimia 27 tangu 2015, na 30 tangu 2025.

Ardhi na hewa

Mmea unaokua huvuta dioksidi kabonia, na hii ndiyo hoja kuu ya watetezi wa ethanoli. Hoja hiyo hudhoofika msitu unapokatwa ili kupata shamba, au mbolea na dizeli nyingi zinapotumika.

Afrika

Malawi, isiyo na bandari, ilianza kuchanganya ethanoli na petroli mwaka 1982, ikitumia molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa. Kenya ilifanya hivyo miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni, kisha ikaacha. Molasi ni masalio ya sukari, kwa hiyo haidai shamba jipya. Lakini kiasi chake hakiwezi kuzidi kile kinachotokana na miwa inayosagwa, na hakitoshi kuendesha magari ya nchi nzima.